Utepe Juu ya Utepe

3 Machi

Kwa mdogo wangu Mkaguzi,

Salamu nitakupa siku nikiwa nazo. Leo nina hasira tu, na kwa kuwa simu yangu hupokei tangu mwaka jana, eti kioo kimepasuka, itabidi uisome hasira yenyewe.

Nimesimamishwa kazi. Ndiyo, mimi. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye chumba cha vyombo vya upasuaji, chini kabisa ya hospitali, naosha mikasi na makoleo, nafunga vifurushi, naviingiza kwenye mashine ya mvuke, navitoa, navipanga rafuni. Leo Matroni, mwanamke asiyejua hata koleo la mshipa linashikwa upande gani, ameniambia kwamba mimi ni hatari kwa wagonjwa. Amesema hivyo huku anakunywa chai.

Nikueleze mwenyewe kabla hujaletewa na wapiga domo. Kila kifurushi kina utepe nje unaogeuka rangi kikipata mvuke wa kutosha, na kipande cha karatasi ndani kinachogeuka vilevile. Wa nje kila mtu anauona. Karatasi ya ndani anaiona yule tu anayefungua, yaani wauguzi wa huko juu, mgonjwa akiwa ameshalala mezani. Sasa wewe mwenye akili, utauaminije utepe wa nje? Mimi nilikuwa nafungua, naangalia ya ndani, nafunga upya, narudisha mashineni. Kikitoka najiuliza, je, safari hii ya pili? Nafungua tena. Juzi muuguzi mmoja mwenye macho yasiyo na kazi aliona utepe juu ya utepe. Wakakagua rafu nzima. Vifurushi arobaini na kimoja, vyote vina tepe mbili, vingine tatu. Kifurushi kikishafunguliwa si safi tena, hilo hata mfagiaji analijua. Nikawaambia kila nilichofungua nilikirudisha mashineni. Wakaniuliza: una hakika?

Sina, mdogo wangu. Wakafuta operesheni za siku nzima.

Masharti ni haya: nihudhurie vikao na mtaalamu wa saikolojia, halafu tarehe 23 Aprili Kamati iamue kama narudi chumbani kwangu au napelekwa kufua mashuka. Niliyewafundisha nusu ya watu wa pale kazi, mashuka!

Leo nimekwenda kikao cha kwanza. Nimemkuta binti mdogo mwenye soksi za njano, kwenye chumba chenye viti vitatu na boksi la tishu, maana wanataka ulie kabla hujakaa vizuri. Kaniuliza napumuaje. Nikamwambia kwa pua. Nimeshampa jina, ni Binti Pumzi. Halafu akaitazama mikono yangu, ilivyopasuka kwa dawa na sabuni, akauliza naosha mara ngapi kwa siku. Nikamjibu watu wasafi hawahesabu. Nahesabu, lakini hilo halimhusu.

Wewe unanijua kuliko hao wote, kwa hiyo nijibu kitu kimoja. Katika miaka yote hii, unadhani yupo mgonjwa aliyekufa kwa sababu ya kifurushi changu? Matroni amenionyesha daftari la maambukizi, halina kitu. Lakini daftari linaandikwa na watu, na watu nimeshawaona. Nijibu upesi.

Dada yako,
wa Chumba cha Vyombo


10 Machi

Dada Sabuni,

Barua yako niliichukua nikipita nyumbani kubadilisha mashati, nimeisomea safarini. Sasa niko mji wa machimbo, nyumba ya wageni yenye godoro jembamba na mwenye nyumba mnene. Tangu Jumatatu nimepima mizani kumi na tisa. Mchinjaji mmoja amebandika sumaku chini ya sahani ya mizani, halafu ananichekea meno nje kama vile tumesoma wote. Nikaweka mawe yangu ya kilo moja, mbili, tano, mizani ikasema uongo mara tatu mbele ya wateja wake. Kazi yangu inanifundisha kitu kimoja tu, kwamba watu ni wezi na wasiokuwa wezi ni wavivu.

Hao wa saikolojia nawaweka kundi la pili. Fikiria mtu mzima anaamka asubuhi, anavaa soksi za njano, anakwenda kukaa kitini asikilize vilio vya wengine, na jioni anasema amechoka. Amebeba nini? Sisi tulipokuwa wadogo, Mama alikuwa akifika njia panda anarudi nyumbani kushika kufuli, mara tatu, na tulichelewa shule kila siku. Nani alimpeleka kwa mtaalamu? Tulimwita mwangalifu, basi, maisha yakaendelea.

Wewe huumwi. Wewe ni mtu makini katikati ya watu wazembe, na wazembe wakiona mtu makini wanamtafutia ugonjwa. Nenda kwenye hivyo vikao shingo upande, itikia ndiyo, ndiyo, mpaka akutilie saini, kisha rudi kwenye mikasi yako.

Kuhusu swali lako, hapana. Hujaua mtu. Nakuapia. Ningekuwa na wasiwasi ningekwambia, mimi simung'unyi maneno. Hapana, hapana na hapana. Lala.

Mimi nina afya ya ng'ombe, nashukuru.

Mdogo wako,
Mkaguzi wa Mizani


20 Machi

Mkaguzi,

Hapana zako tatu zilinishibisha siku moja na nusu. Siku ya pili mchana nikaanza kujiuliza kwa nini uliapa. Mtu mwenye hakika haapi. Nikairudia barua kutafuta mahali uliposita.

Nimemaliza kikao cha tatu na dharau yangu iko palepale, ila sasa ina mashimo. Binti Pumzi amechora duara ubaoni, la chekechea kabisa, na mishale. Amesema wazo linaingia kichwani bila hodi: umeua mtu. Hofu inapanda. Unakagua. Hofu inashuka, unapata nafuu. Na nafuu hiyo ndiyo inayokifundisha kichwa kwamba kukagua kulikuwa kwa lazima, kwa hiyo wazo likija tena linakuja na wenzake. Nikamwuliza kama amesomea miaka mingapi kuchora duara. Akasema saba, bila kukasirika. Inaniudhi sana kwamba hakasiriki.

Akasema mawazo ya namna hiyo yanaingia vichwani mwa watu wengi sana, tena hasa wale wanaojali. Wengine yanawapita tu. Mimi nimeyawekea kiti na chai. Akasema pia kwamba siwezi kuyashinda kwa kubishana nayo, nitayashinda kwa kutoyatumikia.

Kazi ya nyumbani, ucheke: kufunga vijiko sita kwenye kitambaa, kubandika utepe, kuweka juu ya kabati na kutofungua. Vijiko! Mwanamke wa umri wangu! Nimekaa mbele ya kabati nikivilinda kama askari wa benki. Dakika ya kumi nilikuwa natoka jasho. Dakika ya ishirini nilijichukia. Nilipofika ya arobaini hofu ilianza kushuka yenyewe, bila mimi kufanya kitu, na sipendi kulikiri hilo hata kwako. Vijiko bado viko juu. Chai nakoroga kwa uma.

Sasa kosa langu. Kwa kujivuna nikamtajia barua yako, nimwonyeshe kwamba ndugu yangu anasema mimi si mgonjwa. Akauliza nimeisoma mara ngapi. Nikasema mara kumi na moja. Akaweka kalamu chini, akasema: "Basi ndugu yako anakufungulia kifurushi kwa posta." Anasema hawezi kuiandikia Kamati kwamba niko tayari wakati yupo mtu ananiondolea hofu kila wiki kwa stempu. Anataka uje, ukae kwenye kile kiti cha tatu, tufundishwe wote wawili namna ya kuuliza na namna ya kutojibu. Tarehe 21 Aprili, saa nane mchana. Ni safari ya basi ya asubuhi moja tu. Bila hivyo anasema hatasaini.

Najua utamtukana, mtukane njiani ukija.

Na kabla hatujafundishwa, kuna lile swali, mara ya mwisho kabisa. Mwaka ule mashine ilipoharibika mlango na tukatumia ile ya zamani. Yule mgonjwa wa kwanza. Unadhani alipona?

Dada yako


27 Machi

Dada,

Alipona. Sasa nisikilize.

Sitakuja. Mimi ni mtumishi mwenye ratiba, si kiti cha maonyesho cha binti mwenye chaki. Mwezi ujao nina masoko manne, kiwanda cha unga na bandari kavu. Nikimwambia mkuu wangu naomba ruhusa nikafundishwe namna ya kutomjibu dada yangu, atanipeleka huko huko nami nikapimwe.

Angalia wanavyokufanya. Umeingia mtu mzima, umetoka unakoroga chai kwa uma. Kisha wanataka na ndugu, kesho watataka majirani. Nawajua hao na nawajua madaktari pia. Mwaka jana nilipata kitu kidogo kifuani, nikaenda kupima, vijana wawili wakanibandika nyaya, wakatazama karatasi, wakasema moyo wangu ni mzima, labda "nina msongo." Mtu anakufa mbele yao wanamwambia ana msongo! Niliondoka bila kuaga.

Kama ni mimi ndiye nakuharibia kwa kukujibu, basi niambie ni lini ndugu kumtuliza ndugu kumekuwa sumu. Umeniuliza, nimejibu: alipona, hujaua mtu, hutaua mtu, chumba chako kilikuwa safi kuliko roho za wanaokuhukumu. Hata ukiuliza mara mia nitajibu mara mia.

Nakuandikia hii kwa goti, ndani ya stendi ya mji wa kiwanda cha saruji, vumbi mpaka kwenye meno. Basi langu ndilo hilo linaita.

Mkaguzi


4 Aprili

Kwako wewe wa mji wa saruji,

Usinichekeshe.

Unajua mimi barua naziweka kwa tarehe. Ulishanicheka kwa hilo. Juzi nilikuwa naisoma ya mwisho kwa mara ya sita, natafuta kama "alipona" uliandika kwa haraka, nikageuza bahasha. Muhuri wa posta ni wa mji wako. Nikaichukua ile ya godoro jembamba, ya machimbo. Muhuri wa mji wako. Nikashusha boksi zima, nikatandaza sakafuni miaka minne ya bahasha zako. Mpaka Juni ya mwaka jana nina mihuri ya kila pembe ya nchi, zipo hata za vituo ambavyo posta yake ni dirisha la duka. Kuanzia Julai, mmoja tu. Bahasha kumi na saba, dirisha lilelile, muhuri uleule wenye ukingo uliovunjika.

Hujatoka hapo, Mkaguzi. Miezi tisa hujakanyaga hata kituo cha pili. Vumbi la saruji ulilitoa kichwani, na yule mchinjaji wa sumaku nadhani ulimtunga ukiwa na miguu juu ya kochi.

Nimefikiri sana kwa nini mtu aseme uongo mrefu hivyo, na nimepata jibu. Unaona aibu. Dada yako ameingia kwa watu wa akili na wewe hutaki kuonekana unaingia mlango ule nyuma yangu. Afadhali utunge miji. Ungesema tu. Nimesemwa na Matroni, nimesemwa na Kamati, ningeweza kusemwa na wewe pia.

Nilikutunza ukiwa na surua, nikakufundisha kufunga kamba za viatu. Nilidhani ukiwa mkubwa utakuwa mtu, kumbe umekuwa mzigo wa karatasi wenye stempu.

Kikao ni tarehe 21. Nitakwenda peke yangu, nitakosa saini, nitafua mashuka, na kila shuka nitakalolikamua nitakukumbuka.

Sikuulizi chochote safari hii. Si kwa sababu nimepona. Ni kwamba jibu la mwongo halina faida kwangu.

Aliyekuwa dada yako


11 Aprili

Dada,

Hasira yako imekwenda nyumba isiyo yake. Si wewe ninayekuonea aibu.

Juni ile nilikuwa ndani ya basi, natoka kupima mizani za mnada wa ng'ombe. Tulipokuwa tunaukaribia ule mto mkubwa, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa inaishia kooni, na nikajua nakufa. Sikuhisi, dada. Nilijua, kama ninavyojua jina langu. Nikapiga kelele basi lisimame. Nikashuka na boksi langu la mawe nikakaa chini kwenye kokoto, watu wote wanachungulia dirishani kuona mzee mzima anayelia. Ndipo wale vijana wawili na nyaya zao. Nilikwenda mara tatu, moyo mzima mara tatu. Julai nikapanda tena, nikashuka kabla ya mto. Agosti nikafika kituo cha mafuta cha mwisho wa mji. Sasa hata kile kituo nikikiona viganja vinalowa. Simu haijapasuka kioo. Ikilia tu, moyo unaanza.

Kazini hawajui. Natumiwa orodha, najaza fomu hapa mezani. Mizani sahihi, mizani sahihi, mizani sahihi. Thelathini na sita mpaka leo, na sijaigusa hata moja. Mimi ambaye nimefungia watu maduka kwa gramu ishirini. Yule wa sumaku ni wa kweli, ila ni wa miaka mitano iliyopita. Huko kwenye hiyo mizani isiyopimwa kuna akina mama wananunua unga pungufu kwa saini yangu.

Kwa hiyo usiniite mwongo anayekuonea aibu. Najidharau vya kutosha bila msaada wako. Nilimdharau yule binti kwa sababu ningemheshimu ingebidi niende.

Siwezi kuja. Kati yetu kuna ule mto. Usimwambie Binti Pumzi.

Na wewe unijibu kitu kimoja, kwa kuwa umefanya kazi hospitali miaka yote. Moyo mzima kwa karatasi unaweza kusimama ghafla? Niambie tu kwamba sitakufa kwenye basi. Niambie hivyo na nitajaribu.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Chukia, una haki.

Nilitaka kukujibu siku ileile. Nilishaandika "hutakufa" mara nne, nikachana mara nne. Nimeona raha iliyomo kwenye kuliandika neno hilo, na nikaelewa kwa nini wewe uliniandikia mara zote zile. Mpaji naye anatulia.

Sitakwambia, Mkaguzi. Sijui kama utakufa kwenye basi. Umeshapimwa mara tatu, na kipimo cha nne kitakuwa kifurushi cha nne. Unacheka vijiko vyangu, kumbe na wewe umefunga mto mzima kwenye kitambaa na hutaki kuugusa. Tumelelewa nyumba moja. Mimi nakagua mpaka naharibu, wewe umeacha kukagua kabisa, na wote wawili tulikuwa tukijisifu kuwa watu makini kuliko wenzetu. Wajinga wawili wenye vyeo.

Alivyosema yeye, nakuandikia kama alivyosema, usije ukadai nimetia chumvi. Kile kilichokupata kina jina na kinawapata watu wengi, madereva, walimu, hata askari. Ni mwili kupiga king'ora pasipo moto. King'ora kinapanda, kinafika juu kabisa ndani ya dakika chache, halafu kinashuka, ukishuka garini au usishuke. Kosa ni kwamba wewe umeshuka kila mara kabla hujakiona kikishuka. Kwa hiyo mwili umejifunza kwamba ni kokoto zilizokuokoa. Hakuna aliyekuambia ukae kitini kwa sababu hukumsubiri mtu amalize sentensi. Anasema hakutibu kwa posta, utafute mtaalamu huko huko mjini kwako, na safari ndefu si mahali pa kuanzia, watu huanza na kituo kimoja. Lakini mlango wa tarehe 21 uko wazi ukitaka.

Kuhusu zile fomu thelathini na sita, hilo si ugonjwa. Hilo ni wewe. Kamwambie mkuu wako kabla hajakuta mwenyewe.

Simu yangu iko hewani, sitapiga. Sitakuja kukuchukua. Ukija, njoo na miguu yako miwili.

Dada yako


21 Aprili, saa mbili na nusu asubuhi

Dada Sabuni,

Juzi nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza zile fomu. Sitaki kusimulia. Mawe yangu ya mizani yako mezani kwake.

Niko ng'ambo ya mto. Usishangilie. Nimeuvuka kwa kufumba macho, nimemshika mkono abiria wa pembeni, mama mmoja wa watu ambaye sasa ana alama za kucha zangu na amehamia kiti cha nyuma. Kilipanda kama ulivyoandika. Kikakaa juu muda mrefu kuliko alivyosema huyo binti wako, mwambie saa yake ni mbovu. Baada ya daraja kikashuka kidogo. Halafu kikaanza tena na basi likasimama hapa ili watu wapate kula, nikashuka mbio. Nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya mgahawa. Safari hii goti ni la kweli, ndiyo maana maandishi ni ya kuku.

Dakika ishirini, kondakta kasema. Kumi na nne zimekwisha. Nawatazama hawa wanaokula mayai na nawadharau wote kwa urahisi wao wa kumeza.

Sijui kama nitapanda. Nimempa kondakta maelezo ya kliniki na jina la Binti Pumzi la kweli. Nikipanda, nitakupa hii mwenyewe na utaichana. Nisipopanda, ataileta yeye. Basi linarudi jioni kwa njia hii hii.

Dereva anapiga honi.

Mdogo wako


21 Aprili, saa kumi jioni

Mkaguzi,

Ameileta yeye. Ni mtu mzima mwenye adabu kuliko wewe, kavua kofia pale mapokezi. Sasa amerudi, yuko nje anasubiri niandike, na basi lake haliwezi kuchelewa, kwa hiyo usitegemee maneno mazuri.

Nilikuwa dirishani tangu saa sita. Nilipomwona anaingia peke yake na bahasha nilikutukana kwa sauti mbele ya wagonjwa watano. Kisha nikasoma. Kisha nikataka kukimbilia stendi, nikamate gari lolote, nije nikuone kama uko hai kwenye hilo benchi. Nilishafika kwenye geti. Nimerudi.

Tumekaa watu wawili na kile kiti cha tatu. Binti Pumzi akauliza: "Yuko salama?" Nikafungua mdomo nitoe jibu, lolote, kama kawaida yetu. Nikasema sijui. Akaniacha nalo. Hakunipa tishu wala hakunishika bega, na mimi nililoa jasho mpaka mgongoni, nikikuona umeanguka, nikikuona umefunikwa shuka. Dakika arobaini na tano. Sikuuliza kama naweza kupiga simu. Ilipofika mwisho nilikuwa bado sijui, na nilikuwa nimekaa.

Amesaini, ingawa hukuja; anasema kutojibu nimeshajifunza mbele ya kiti kitupu. Kamati ikimsikiliza keshokutwa, nitarudi chumbani kwangu kwa majaribio, chini ya uangalizi, na nikigusa utepe uliokwisha fungwa wanipeleke kwenye mashuka siku hiyohiyo. Nakwambia wewe tu: kafanya kazi nzuri, yule binti. Simwambii yeye, atavimba kichwa. Na yule mgonjwa wangu, ambaye huenda yupo na huenda hajawahi kuwepo, nitafanya naye kazi akiwa nyuma yangu.

Umevuka mto na ukashuka baada yake. Ni aibu nusu tu.

Kondakta anachungulia saa. Kama bado uko kwenye benchi hilo atakupa hii. Kama haupo, sijui umekwenda upande gani, na siendi kuuliza.

Dada yako